Hodi ya Nne

Katika nchi ya Unyamavu, iliyolazwa baina ya Milima ya Heshima na Mto Masafa, sauti ya juu ilikuwa aibu kuliko uchi. Mtoto alipozaliwa, mkunga alimfunika kinywa kwa kiganja ili kilio chake cha kwanza kisije kuwafikia majirani. Na mtu alipofariki, wafiwa walilia kwa mabega tu. Wauzaji sokoni hawakunadi. Walikaa nyuma ya bidhaa zao wameinamisha macho, na mnunuzi aliyetaka kujua bei hakuwa na budi kuinama hadi midomo ya muuzaji ikaribie kumgusa sikio. Kwa sababu hiyo masoko ya Unyamavu yalikuwa mazuri mno kwa msafiri aliyetafuta utulivu, na mabaya mno kwa aliyekuja kuuza. Mimi ninayesimulia nilizaliwa huko, na mpaka leo watu huniomba nirudie nilichosema.

Katika mila zao zote, iliyotukuzwa zaidi ilikuwa mila ya hodi. Mwenye kufika mlangoni pa mtu alibisha hodi mara tatu, kwa sauti ya chini, akiacha muda wa pumzi saba baina ya hodi na hodi. Akisikia karibu, ataingia. Asiposikia, ataondoka bila kinyongo wala kugeuka nyuma, kwa maana hodi ya nne ilikuwa ufidhuli usio na kafara. Yuko bwana mmoja wa ukoo mkubwa aliyewahi kubisha hodi ya nne nyumbani kwa ndugu yake, naye binti zake hawakuposwa hadi walipozeeka.

Aliyetawala zama hizo ni Sultani Nianjema, na jina lake halikumsingizia. Alikuwa mtu wa huruma, mwepesi wa kulengwalengwa na machozi, ambaye kutoka dirisha la kasri aliutazama mtaa wa Jashoni, kule walikokaa wenye kazi ndogondogo: wasuka ukili, watia rangi nguo, wachonga miiko, wapika sabuni, waoka mikate. Aliona jinsi walivyoamka kabla ya jua na kulala baada yake, na mwaka ukaisha mtu yuko palepale alipouanzia. Moyo ukamuuma. Akaamrisha lijengwe Jumba la Auni, na humo ndani aliweka auni tatu: Auni ya Zana, iliyompa fundi chombo alichokikosa, Auni ya Maarifa, iliyomfundisha mwenye duka dogo namna ya kulikuza, na Auni ya Soko, iliyomtafutia mnunuzi aliye mbali. Wala hapakuwa na hila ndani yake. Kila kilichoahidiwa kilikuwapo, kimefunikwa shuka safi, kinamngoja mwenyewe.

Sultani alichelea jambo moja, kwamba raia mnyonge angebisha hodi kwa woga na asisikike. Akawaita mafundi wa shaba, nao wakatandaza mrija kutoka mlango wa nje, ukapita katika kuta za nyua tatu, mpaka kwenye sikio la ofisa wa auni. Hata mtu akiguna pale mlangoni, ofisa angemsikia. Watu wa kasri waliusifu mrija ule siku arubaini, na katika wote waliousifu hakuna aliyeuliza sauti ya ofisa itatokaje nje.

Na lile tangazo la kueleza auni hizo tatu liliandikwa kwa wino wa dhahabu, hati nzuri ya kuliza, likatundikwa ukutani mwa ua wa tatu, kwa hoja kwamba neno la Sultani halistahili kupigwa na vumbi la njiani. Watu wa Jashoni walijua kwamba jumba lipo. Walijua lina kheri. Kheri ya nini, kwa nani, mtu aiombe kwa maneno gani, hayo hawakuyajua, na kuyauliza hadharani kungekuwa kelele.

Ofisa aliyekabidhiwa jumba hilo aliitwa Mwinyi Adabu bin Taratibu. Alipoanza kazi aliketi kwenye ua wa kwanza, hatua chache kutoka mlangoni, na wachache waliobisha hodi miaka ile waliisikia karibu yake, wakaingia, wakatoka na neema zao. Ila nao, kwa staha ya Unyamavu inayoharamisha kujinadi, hawakumwambia jirani wala shoga. Kwa kuwa Adabu alifanya kazi vizuri alipandishwa cheo, na huko cheo ni kina, hivyo akasogezwa hadi ua wa pili. Akafanya vizuri zaidi, akasogezwa ua wa tatu, kwenye zulia nene, chini ya lile tangazo la dhahabu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeingia.

Basi pale Jashoni alikuwako mwanamke mjane, Bi Stahamili, mwoka mikate ya mofa. Mofa, kwa asiyeujua, ni mkate wa mtama unaobandikwa kwa kiganja kwenye ukuta wa ndani wa tanuri la udongo, na mwokaji hana budi kuinamisha uso kwenye joto kila anapobandika na kila anapobandua. Mofa wa Stahamili ulikuwa mkavu pembeni na laini katikati, na waliouonja hawakutaka mwingine. Lakini tanuri lake, alilorithi kwa mama mkwe, lilikuwa limepasuka ubavuni. Alilikandika kwa udongo na majivu kila Ijumaa, na kila Jumatatu ufa ulirudi, ukitema moshi kwenye kifua chake na kupoteza joto lililotakiwa kuivisha mikate. Alioka nusu ya alichoweza, akakohoa mara mbili ya alichostahili.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti mtu mzima, jina lake Bishara. Huyu alikuwa na kasoro iliyomtia mamake hofu, maana alipopata wazo alicheka kwa sauti, na jirani akasikia.

"Mama," Bishara alimwambia asubuhi moja wakikanda unga, "nimefikiri jambo."

"Lifikirie polepole, mwanangu, dirisha liko wazi."

"Mofa wetu ukikaushwa katika tanuri zima, unakaa mwezi bila kuota ukungu. Wasafiri wanaovuka Masafa wanahitaji chakula cha njiani, na hakuna anayewauzia. Halafu tazama, wanawake wa kichochoro hiki kila mmoja ananunua mtama kivyake, kibaba kibaba, kwa mchuuzi yuleyule. Tukiungana tutaununua shambani wakati wa mavuno. Na kila mkate nitaubonyeza kidole gumba pembeni, mtu akila akaridhika ajue amtafute nani."

Stahamili aliacha kukanda. Alimtazama binti yake kwa fahari aliyoogopa kuionyesha. "Na hayo yote yanataka nini?"

"Tanuri lisilopasuka, mama. Na mtu anayejua, wa kutuonyesha njia."

Stahamili akajitanda kanga yake safi, akaenda Jumba la Auni. Akataja jina lake na haja yake ya tanuri, akabisha hodi mara tatu, akangoja zile pumzi saba kila mara, akasikia kimya. Akaondoka bila kinyongo. Miaka mitatu baadaye, ufa ulipokuwa unaingiza ngumi, akaenda tena, akabisha tena, akarudi tena. "Wana shughuli nyingi," alimwambia Bishara, na Bishara akajibu, "Labda hatuwahusu," na tangu hapo kicheko chake kikapungua nyumbani.

Mwaka wa saba alikuja mfanyabiashara kutoka Ng'amboni, nchi iliyo upande wa pili wa Mto Masafa, akitafuta waoka mikate wa kwenda naye. Bishara alifunga nguo zake kwenye furushi la mkeka, kisha akazifungua, kisha akazifunga tena. Kifua cha mamake kilikuwa kimeharibika; sauti, ambayo haikuwa kubwa tangu asili, ilikuwa imebaki pumzi yenye maneno ndani.

"Mama," akasema, "mimi sipendi kwenda. Kazi ya tanuri hili haiwatoshi watu wawili, na wewe huwezi kuiacha maana ndiyo unayoijua. Nenda mara ya mwisho. Kama Jumba la Auni litakuitikia leo, sivuki. Naapa sivuki."

"Nikikawia?"

"Nitakaa hapa hapa kizingitini mpaka urudi."

Stahamili akaenda mbio, jambo ambalo mwanamke wa umri wake halifanyi katika Unyamavu. Akasimama mbele ya mlango, akatuliza kikohozi, akasema hodi. Ndani, katika ua wa tatu, Mwinyi Adabu aliisikia ile sauti ikitoka kwenye mrija wa shaba, akaitambua. "Ni yule mama wa mofa," akajiambia, na moyo wake ukafurahi, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, Mungu shahidi. Akaweka sawa kanzu yake, akageukia mlango ulio mbali kule, akasema kwa sauti nzuri, ya chini, yenye murua wote wa ukoo wa Taratibu: "Karibu, mama. Karibu ndani."

Sauti ile haikuvuka hata zulia.

"Hodi," akasema Stahamili mara ya pili, na mkono wake ukashika mwimo wa mlango.

"Karibu," akasema Adabu.

Mara ya tatu alilisema neno hilo moja kama mtu anayeomba maji. Adabu akaitika mara ya tatu, akanyanyuka nusu kutoka zuliani ili ampokee, akabaki hivyo, nusu amekaa nusu amesimama, akingoja hatua zisizokuja. Baadaye akaketi. Akavuta daftari kubwa la Jumba, akachovya kalamu, na kwa hati iliyonyooka akaandika: *Bi Stahamili wa Jashoni. Alibisha mara tatu. Alikaribishwa mara tatu. Hakuingia.* Na kwa kuwa ilikuwa mara ya tatu katika miaka saba, akaona uchungu kidogo, kama mwenyeji aliyepika na mgeni akapita.

Stahamili alirudi nyumbani kwa mwendo wa pole. Bishara alimwona akikunja kona ya kichochoro, akautazama uso wake, akachukua furushi lake. Hawakusemezana neno, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi na majirani walikuwa wanaangalia. Binti alimbusu mama mkono, mama akamshika kichwa kwa viganja viwili vyenye unga wa asubuhi, na alama za unga zikabaki kwenye ushungi wa Bishara mpaka alipopotea machoni. Nilipokuwa Unyamavu watu walikusifu kuagana kule kwa utulivu wake. Mimi nakuona ni kuagana kubaya kuliko kote nilikowahi kukusikia, kwani palikuwa na jambo la kupigia yowe na hapana aliyepiga.

Mwaka ukapita. Kasrini Sultani Nianjema aliletewa daftari la Jumba la Auni, akalisoma kurasa nyingi, na kila mstari uliishia kwa lile neno moja, hakuingia, hakuingia, hakuingia. Akalia. "Nimewafungulia mlango," akasema, "wakafika hadi kizingitini na kurudi. Wana nini na mimi?"

Aliyemjibu ni Waziri Dhana, mtu ambaye hakuwahi kufika Jashoni na alikuwa na rai juu ya kila mtu wa Jashoni. "Wana kiburi, Mtukufu. Maskini ajivunapo ni mzito kuliko tajiri. Watiwe adabu wachache, wengine wataingia."

Ndipo ikatungwa Sheria ya Kukataa Fadhila, kwamba yeyote aliyekaribishwa katika Jumba la Auni mara tatu na asiingie, atashitakiwa kwa takaburi mbele ya Kadhi Insafu. Akipatikana na hatia, atanyang'anywa idhini ya kazi yake daima. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la Stahamili.

Baraza la kesi lilifanyika mchana katika uwanja ulio mbele ya Jumba lenyewe. Watu wa Jashoni walikuja wote, wakakaa kimya chini ya jua. Kadhi Insafu, mwanamume mwembamba mwenye nyusi nyeupe, alisoma mashitaka kwa ile sauti ya kubembeleza ambayo katika Unyamavu hutumiwa hata kwa hukumu.

"Bi Stahamili, umeshitakiwa kwamba Sultani alikunyooshea mkono ukaukataa. Ulifika Jumba la Auni?"

"Nilifika, Mheshimiwa Kadhi." Watu waliinamisha vichwa kwa heshima, wakidhani ule mkwaruzo wa pumzi ni upeo wa adabu, hawakujua ni moshi.

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Na kila mara ulikaribishwa, na kila mara ukageuka. Kwa nini?"

Stahamili alimtazama Kadhi kana kwamba ameulizwa kwa lugha ya wageni. "Nilikaribishwa?" akauliza.

"Mara tisa kwa jumla. Imeandikwa."

"Mwaka jana pia? Siku ya soko la mwisho kabla ya mvua?"

Kadhi akafunua ukurasa. "Siku hiyo pia. Mara tatu."

Basi yule mwanamke, ambaye alimzika mume bila kutoa sauti na kumuaga mwana bila kutoa sauti, akafungua kinywa apige yowe. Kila aliyekuwapo aliona shingo yake ikikaza na mishipa ikisimama. Hakuna kilichotoka ila pumzi. Akajikunja, akakaa chini kwenye mchanga, akasema kwa wale waliokuwa karibu, "Mwanangu alikuwa kizingitini. Alikuwa ananingoja kizingitini."

Uwanja ukatetemeka kwa minong'ono. Mwinyi Adabu, aliyekuwa upande wa mashahidi, alisimama akiwa amepauka. "Wallahi nilimkaribisha," akasema. "Kila mara. Kwa roho safi."

Kadhi Insafu aliwatazama wote wawili. Alikuwa mtu wa mila, lakini jina lake lilikuwa linamdai. "Mwinyi Adabu," akasema, "rudi mahali pako, ukafanye kazi yako kama siku zote. Sisi tutakuwa wageni wako."

Adabu akaingia, akapita ua wa kwanza, wa pili, akaketi chini ya tangazo la dhahabu. Kadhi, makarani wake, Waziri Dhana na watu wa Jashoni wakajipanga mbele ya mlango wa nje. Kadhi akabisha hodi. Wakangoja pumzi saba. Ndege akalia juu ya paa. Akabisha ya pili, wakasikia kila mmoja moyo wa mwenzake. Akabisha ya tatu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Kadhi Insafu alifahamu ukubwa wa kimya kile. Akavua viatu, akaingia bila kukaribishwa, umati ukamfuata kwa hofu. Ua wa kwanza, hawakusikia kitu. Ua wa pili, karani mmoja alidai amesikia mchakacho wa karatasi. Walipofika ua wa tatu walimkuta Mwinyi Adabu ameinamia daftari, kalamu mkononi, wino haujakauka. Kadhi akasoma juu ya bega lake: *Kadhi Insafu na baraza lake. Walibisha mara tatu. Walikaribishwa mara tatu. Hawaku*

Adabu akainua macho, akawaona wamesimama mbele yake, na kalamu ikamdondoka.

Waziri Dhana alisema mara moja kwamba alikuwa ameshuku jambo hili tangu zamani.

Wakafungua ghala. Humo mlikuwa na vitanda vya kufumia, masufuria ya sabuni, vijitabu vya maarifa havijafunguliwa kamba, barua za wanunuzi wa Ng'amboni waliouliza kama kuna mtu wa kuwauzia mkate wa njiani. Na katikati ya hayo lilisimama tanuri la matofali, jipya, pana la kutosha watu wawili kuoka pamoja, na shingoni mwake limefungwa kibandiko: *Bi Stahamili wa Jashoni.* Tarehe yake ilikuwa ya miaka minane nyuma. Halikuwa na vumbi. Adabu alikuwa akilipangusa kila Alhamisi.

Kadhi akalichukua lile daftari, akatoka nalo hadi mlango wa nje, akapanda ngazi, na akafanya jambo ambalo wazee walilizungumzia hadi kufa kwao, akapaza sauti. Akasoma majina yote. Mfuma nguo aliyevunjikiwa na kitanda chake cha kufumia, mtia rangi aliyefunga duka, mpika sabuni ambaye sasa anafua nguo za wengine. Kila mmoja aliposikia jina lake na neno lile, hakuingia, alijifunika uso kwa nguo. Wengine hawakujifunika. Walikuwa wamekwisha kufa au kuvuka mto, na jina likasomwa likabaki hewani.

Hukumu haikuchukua muda. Stahamili aliachiwa huru, ile sheria ikafutwa, na Sultani Nianjema, aliyelia kupita siku zote, akaamrisha tangazo litundikwe nje, liandikwe kwa makaa ikilazimu, lisomwe kwa sauti kila siku ya soko katika kila kichochoro. Na ofisa wa auni, awe na cheo gani, akae mlangoni. Yote haya yalitendeka. Ukienda Jashoni leo utaona matanuri, utasikia watu wakinadi, na wageni husema ni mtaa wenye fujo na wenye riziki. Lakini hadithi yangu si ya Jashoni.

Siku ya tatu baada ya hukumu, Mwinyi Adabu alikwenda nyumbani kwa Stahamili na wachukuzi wanne wamebeba lile tanuri. Akasimama mlangoni. Akabisha hodi, akangoja. Akabisha ya pili. Akabisha ya tatu, na kimya kikawa kilekile. Adabu aliyefundishwa tangu utotoni akageuka aondoke bila kinyongo, wachukuzi wakageuza mzigo, na akapiga hatua nne, tano. Hapo miguu ikamgomea. Alisimama katikati ya kichochoro akitokwa na jasho, watu wote wanamtazama, na mtoto wa Taratibu, mjukuu wa Murua, akarudi mlangoni akapiga kwa ngumi.

"Hodi!" akasema mara ya nne. "Mama, hodi!"

Akasukuma mlango. Stahamili alikuwa ameketi pembeni mwa tanuri lake bovu, mikono mapajani, uso umeelekea mlangoni.

"Nimekuitikia, bwana," akasema kwa ile pumzi. "Zote tatu nimeitika."

Adabu alikaa chini pale pale kwenye majivu na kanzu yake nyeupe, akalia kwa sauti. Stahamili akamwacha alie. Alipotulia, Adabu akamwambia kwamba tanuri limefika, liko nje, ni lake.

"Mpe jirani yangu wa kulia," akasema Stahamili. "Ana binti wawili nyumbani. Kifua changu hakiuwezi moto tena."

"Basi niambie unachotaka, mama. Chochote kilichomo katika Jumba."

"Kilichomo katika Jumba sikihitaji." Alipumzika kidogo, kisha akaendelea. "Wasafiri wamenieleza kwamba huko Ng'amboni kuna mkate wa mtama uliokaushwa, una alama ya kidole gumba pembeni. Unauzwa sana. Jina lililoandikwa dukani si la mwanangu, ni la tajiri wake. Lakini kidole ni chake, nakijua. Mimi nataka mtu wa kumwita. Sauti sina, bwana. Wewe unayo, ila hujawahi kuitumia."

Na hivi ndivyo inavyomalizika hadithi, kama kweli imemalizika. Kila asubuhi, kabla hajafungua Jumba, Mwinyi Adabu huteremka hadi ukingo wa Mto Masafa. Stahamili hukaa karibu naye juu ya jiwe; alipokuwa bado na nguvu alitembea mwenyewe, na sasa hubebwa. Siku ya kwanza sauti ya Adabu ilitoka kama kikohozi na wafuaji nguo wa mtoni wakacheka. Siku ya kumi ilifika katikati ya maji. Sasa inasikika mpaka kwenye milima na kurudi: "Bishara! Karibu! Bishara, karibu nyumbani!" Watu wengine wamezoea kuja naye, kila mmoja na jina la mtu wake aliyevuka mto, ampe alitangaze, naye hulitangaza, moja baada ya jingine, mpaka jua linapopanda.

Kisha hufungua daftari juu ya goti lake. Ile hati ni ileile iliyonyooka, lakini mstari wa mwisho ameubadilisha, na kila siku huandika huo huo, na Stahamili humwomba amsomee kabla wino haujakauka:

*Ameitwa. Hatujui kama amesikia.*